Wana wa Kora: Uasi, Rehema na Nafasi ya Mkosaji Katika Masimulizi

Swali la makala haya lilizuka matangani, si maktabani. Mvuvi mmoja wa Usenge, katika nchi ya Yimbo, aliingia ziwani usiku kuvua omena katika miezi ambayo uvuvi huo hufungwa, yaani Aprili hadi Julai, ili samaki wapate kuzaana. Dhoruba ikaipindua mashua yake. Siku ya mazishi mhubiri aliyealikwa alisimama karibu na jeneza akasoma sura ya 16 ya Kitabu cha Hesabu: Kora na wenzake wanamwasi Musa jangwani, ardhi inafunua kinywa chake, nao wanashuka humo wakiwa hai. Alitaka waombolezaji wauone ulinganifu. Aliyekataa kutii alimezwa. Ziwa lilifanya kazi ya ardhi. Watoto wa marehemu walikuwa wameketi safu ya mbele.

Hatukusudii kumtetea marehemu. Sheria aliyoivunja ina maana, na wavuvi wenzake waliokaa nchi kavu kwa kuitii, huku nyumbani hakuna kitu, walikuwa na haki ya kumkasirikia. Tunachokihoji ni usomaji wa mhubiri. Je, matini aliyoyashika mkononi yanasema alivyodai? Na mkosaji akiisha kuhukumiwa, masimulizi humwacha wapi yeye na watu wake?

Watu wa pwani ya ziwa hawakungoja Biblia ndipo walijue swali hili. Upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wanajiolojia husema ni shimo la volkeno. Wenyeji husema palikuwa na kijiji. Masimulizi yana sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja: watu walikuwa katika karamu ya pombe, akaja bikizee mgeni mwenye njaa akiomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bikizee akamwonya aondoke, mvua kubwa ikashuka, na kijiji kikazama na karamu yake.

Ni hadithi nzuri, na kila mtoto aliyesimuliwa hujifunza kumheshimu mgeni. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini, hatuoni rehema ndani yake. Tunaona malipo. Mwanamke aliokolewa kwa sababu alistahili. Majirani zake waliangamia kwa sababu walistahili. Mizani imelingana pande zote mbili. Jambo la pili ni nafasi ya msimulizi. Daima yeye husimama ukingoni, miguu yake mikavu, akiyaonyesha maji kwa kidole. Hatujapata kumsikia asemaye, “Sisi watu wa Simbi tulimfukuza bikizee.” Waliokosa ni wengine, nao wamekwisha.

Ukali zaidi umo katika kisa cha mkuki na ushanga, kinachojulikana miongoni mwa jamii za Kiluo kuanzia Uganda hadi Kenya. Ndugu mmoja anapoteza mkuki wa mwenziwe. Mwenye mkuki anakataa fidia yoyote, anautaka uleule. Baadaye mtoto wa huyu mwenye mkuki anameza ushanga wa ndugu yake, naye anadaiwa ushanga uleule. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanaachana njia, na masimulizi hutumia kisa hicho kueleza kutawanyika kwa jamii hizo. Kutoka Usenge mtu anaweza kukiona kilima cha Got Ramogi, ambako kwa mujibu wa mapokeo Ramogi na watu wake walifanya makao. Kumbukumbu za uhamaji wao, basi, zina ndani yake deni lililolipwa kikamilifu, na aliyelilipa ni mtoto.

Tukiwageukia sasa Waisraeli, tofauti ya kwanza haiko katika Mungu wao bali katika msimulizi wao. Tenzi za mataifa mengi huwatukuza mababu. Vitabu vya Musa huwaanika. Mababu wametoka tu utumwani, tayari wananung’unikia maji. Musa amechelewa mlimani, tayari wameyeyusha dhahabu na kufanya ndama. Wapelelezi wamerudi na habari za nchi, tayari watu wanatafuta kiongozi wa kuwarudisha Misri. Aliyeyahifadhi haya hakuwa adui wa Israeli. Alikuwa mjukuu. Anaposimulia uasi anasimulia ukoo wake, na kuwapo kwake tu kunadhihirisha kwamba waasi hawakufutwa. Kama Mungu wa kisa cha ndama angetenda kama mvua ya Simbi, pasingekuwa na mtu wa kutusimulia.

Kora basi. Yeye hakuwa mjinga wala mlevi. Alikuwa Mlawi, na dai lake lilikuwa kwamba kusanyiko lote ni takatifu. Kwa nini Musa na Haruni wajikweze? Dai hilo linasikika vizuri sana masikioni mwa watu wa Nyanza, ambako Johana Owalo alijitenga na wamishenari mwanzoni mwa karne ya 20 akaanzisha Nomiya, na ambako makanisa mengine kadhaa yamezaliwa kwa swali lilo hilo. Neno “mwasi” hutegemea sana ni nani analitamka. Lakini tukubali kwa sasa hukumu ya matini: Kora alikosa. Ardhi ikameza, moto ukawateketeza watu 250, na kesho yake, watu waliponung’unika tena, tauni ikaua 14,700.

Mhubiri wetu alifunga kitabu baada ya mmezo. Hakusoma kwamba katika sura hiyohiyo Musa na Haruni walianguka kifudifudi wakimwuliza Mungu kama atawakasirikia wote kwa kosa la mtu mmoja. Hakusoma kwamba tauni ilipoanza, Haruni alikimbia na chetezo akasimama baina ya wafu na walio hai. Na hakufika sura ya 26, ambako watu wanahesabiwa upya, na ambako katikati ya orodha ndefu ya majina na koo, orodha ambayo wasomaji wengi huiruka, mstari wa 11 unaarifu kwa maneno machache mno kwamba wana wa Kora hawakufa.

Wahakiki wameeleza ukinzani huu kwa kusema kwamba sura ya 16 imeunganisha visa viwili, cha Kora na cha Dathani na Abiramu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, hutaja hao wawili tu. Maelezo hayo ni ya kuaminika. Ila mhariri aliyeuingiza mstari wa 11 alikuwa na sababu, na sababu hiyo tunaiona katika Zaburi. Zaburi 11 zina anwani ya wana wa Kora: ya 42, ya 44 hadi 49, ya 84, 85, 87 na 88. Ukoo wa mtu aliyetaka kulipindua hekalu, kama tungesema hivyo, ndio ulioimba ndani yake, na Mambo ya Nyakati huwataja pia kuwa mabawabu wa malango.

Huimba nini? Zaburi ya 46 hutangaza kutoogopa hata nchi ikibadilika na milima ikitikisika. Fikiri ni nani anayeyasema hayo. Ya 42 na ya 88 husema juu ya mawimbi ya Mungu yaliyompita mwimbaji, na ya 88 huthubutu kumwuliza Mungu kama wafu watamsifu. Haipati jibu, na huishia gizani. Tofauti na Simbi, hapa aliyezama amepewa sauti, kupitia kinywa cha watoto wake.

Karuni wa Kurani, ambaye ndiye Kora, humezwa pamoja na nyumba yake katika sura ya 28, na kosa lake huko ni kiburi cha mali. Ndiyo maana katika fasihi ya Kiswahili jina lake huashiria utajiri. Uasi wake dhidi ya Musa jangwani, na watoto wake, havisimuliwi hapo. Kila mapokeo huchagua.

Neno lenyewe “rehema” linastahili kutazamwa. Limetufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa neno la Kiebrania la huruma, mzizi unaozaa pia neno la tumbo la uzazi. Nabii Hosea anaamriwa kumwita bintiye Lo-Ruhama, yaani Asiyerehemiwa. Tungeweza kusema, Si-Rehema. Mtoto anabebeshwa jina la hukumu ya taifa zima. Sura moja tu baadaye jina linageuzwa, na “lo” inaondolewa. Katika lugha hiyo, rehema si kufuta deni kama mfanyabiashara afutavyo daftarini. Ni kukiri kwamba aliyekosa ametoka tumboni mwako, na kwamba ukimpasua umejipasua.

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Sura ya 34 ya Kutoka, inayomsifu Mungu kuwa mwingi wa rehema, papo hapo inasema huwapatiliza wana uovu wa baba zao hadi kizazi cha tatu na cha nne. Ezekieli, katika sura ya 18, anaikataa kanuni hiyo waziwazi. Wake na watoto wadogo wa Dathani na Abiramu walisimama mlangoni pa hema zao, na hatuambiwi kwamba waliachwa. Hatuna njia ya kuyalainisha haya, wala hatuamini kwamba mhakiki aajiriwe kwa kazi hiyo. Matini ya Waisraeli yanabishana yenyewe kwa yenyewe. Tunachodai ni kwamba ubishi huo umeachwa wazi makusudi, na kwamba anayesoma upande mmoja mbele ya jeneza amechagua kwa hiari yake, si kwa kulazimishwa na kitabu.

Karatasi ya ratiba ya mazishi ilikuwa imechapishwa Bondo, picha ya marehemu juu, nyimbo chini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na Zaburi ya 46. Anwani yake haikuchapishwa. Waombolezaji waliisoma pamoja kwa Dholuo, watoto wa marehemu wakiwamo, na mhubiri pia aliisoma.