Mshono Usiokutana

Mama mmoja wa Kingolwira, aliyefunga baiati miaka michache iliyopita, hujipumzisha jioni kwa kuunga mifarishi. Huomba masalio ya vitambaa kwa mafundi cherehani wa Morogoro mjini, mabaki ya kanga, vitenge na sare za shule, huyakata miraba na kuyaunga moja moja mpaka yatoshe kitanda. Hauzi, ni furaha yake tu. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinitandikia kazi yake, akaweka kidole mahali ambapo pembe nne zilipaswa kukutana katika nukta moja, nazo hazikukutana. Akasema, "Sheikh, hapa nimefumua mara nne. Je, nifumue tena, au Mungu ataniona mvivu?"

Nilikiangalia kitambaa. Ukingo wake ulikuwa umekwisha tatuka kwa wembe wa kufumulia, wala sikuona kama ungeweza kustahimili mara ya tano.

Msomaji asiyeshona huenda akacheka, akasema kwamba hilo si swali la kumwuliza sheikh. La hasha! Atazame kwanza kosa hilo linavyozaliwa. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini kuliko cha juu. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyooka kikiburutwa pasi. Na mshono ukiingia ndani milimita moja tu kupita kipimo, hula milimita moja katika kila kimoja cha vipande viwili, yaani milimita mbili. Basi safu yenye miraba kumi na mmoja, ambayo ina mishono kumi, itapungua sentimita mbili kamili. Hakuna mshono hata mmoja katika ile kumi ambao jicho lingeulaumu. Safu ya pili inapoletwa kuunganishwa nayo, ndipo aibu hudhihirika. Ni nani kati yetu asiyeijua hesabu ya namna hii katika mwenendo wake?

Kuna jibu moja ambalo watu wengi hulipenda. Husimuliwa kwamba katika jamii fulani za Wakristo wa Marekani, washonaji wa mifarishi hukosea kwa makusudi mahali pamoja, ili wakiri kwamba Mungu peke yake ndiye mkamilifu; na hadithi kama hiyo husimuliwa pia juu ya wafumaji wa mazulia ya Kiajemi. Waliochunguza historia ya mifarishi ya Marekani wanatia shaka kubwa kama desturi hiyo ilikuwapo kweli. Lakini hata kama ingalikuwapo, mimi nisingeiita unyenyekevu. Mtu anayelazimika kutia kosa kwa makusudi ili asilingane na Mola wake, amekwisha dhani kwamba bila kosa hilo angelingana Naye. Je, si kiburi hicho kilichovaa kanzu ya unyonge? Makosa yetu tusiyoyakusudia yanatosha, na Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameagiza wema na uzuri wa kazi katika kila kitu, hata katika kunoa kisu cha kuchinjia.

Jibu lililo kinyume chake ndilo lililokuwa likimtesa mama yule, nalo ni kufumua bila kukoma. Waongofu wapya hupatwa sana na maradhi haya. Nimeona kijana aliyerudia udhu mpaka jamaa wakatoa salamu, akakosa sala ya jamaa kwa kutafuta udhu usio na dosari.

Basi na tuitazame sala yenyewe, maana humo sheria imekwisha tufundisha namna ya kushughulika na mshono uliopinda. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba safari moja Mtume s.a.w. alisalisha, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Sahaba aliyeitwa Dhul-Yadaini akauliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Mtume s.a.w. akawauliza wengine, nao wakathibitisha; akasimama, akakamilisha rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau. Safari nyingine katika sala ya Adhuhuri aliinuka bila kukaa kikao cha kwanza. Hapo hakurudi kukaa. Aliendelea na sala yake hata mwisho, na kabla ya salamu akasujudu sijda mbili.

Angalieni tofauti, ndugu wasomaji. Rakaa ni nguzo. Ikikosekana huletwa, kwani bila hiyo hakuna sala. Kikao cha kwanza kikisahauliwa, na mtu amekwisha simama wima, hakifumuliwi. Hufunikwa kwa sijda. Wala hakuna aliyeamrishwa kuianza sala upya tangu takbira ya kwanza.

Fundi mzuri hufanya vivyo hivyo. Mshono usioshika kitambaa sawasawa hufumuliwa bila kujadiliana, kwa sababu utaachia siku ya kwanza ya kufuliwa, na mfarishi utatoa sufi. Pembe iliyopishana kwa unene wa uzi huachwa. (Kama mfarishi ni wa kuuzwa, hapo liko jambo jingine: mnunuzi aonyeshwe. Mtume s.a.w. alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone.)

Lakini ni lipi la kufumua na lipi la kuachwa katika maisha ya mtu? Hapa mimi mwenyewe niliwahi kukosea, nami naona haya kulisema. Mtafiti mmoja wa dini aliniuliza kama baiati hufuta yaliyopita, nikamjibu kwa furaha kwamba hufuta yote. Kumbe alikuwa na deni la mahindi kwa jirani yake, naye akaliona jibu langu kuwa risiti! Niliposikia, ilinibidi nirudi kwake juma lililofuata na kumweleza kwamba toba hufuta dhambi zilizo baina ya mja na Mola wake, bali haki ya mtu hailipwi kwa istighfari. Hulipwa kwa mahindi. Hakufurahi. Mimi nilikuwa nimemshonea mshono usioshika, nao ulipasa kufumuliwa mbele ya macho yake.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake maarufu iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alizieleza hali tatu za nafsi zilizotajwa katika Kurani Tukufu: nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotua. Ya pili ndiyo inayoushika wembe wa kufumulia, na Mwenyezi Mungu ameiapia katika Sura Al-Qiyama. Basi asiidharau mtu. Hata hivyo, hiyo si hali ya mwisho. Nafsi inayojilaumu tu bila kutua yafanana na yule mwanamke wa Suratu Nahl aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota imara. Tena Seyidna Ahmad a.s. ametufahamisha kwamba asili ya neno istighfari ni ghafara, yaani kufunika: mja humwomba Mola aufunike udhaifu wa maumbile yake kwa nguvu Zake, usijitokeze. Mfarishi nao ni kifuniko.

Katika jimbo la Karnataka, India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wahenga wao wengi walipelekwa huko utumwani. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na kila kipande hupandishwa juu ya ukingo wa kile kilichotangulia. Hivyo hakuna pembe inayodaiwa ikutane na nyingine, kwani kila kipande hufunika mwisho wa mwenzake. Hadhrat Umar r.a. naye, akiwa Khalifa, alionwa na viraka vitatu mabegani, kimoja juu ya kingine.

Nilimwambia mama yule aache pembe yake. Akanyamaza, kisha akasema lililomleta hasa. Siku alipofunga baiati aligombana na dada yake mkubwa aliyeko Matombo, akamtamkia neno ambalo haliwezi kurudi kinywani. Tangu hapo hakwenda, kwa kuwa hakujua jinsi ya kulifumua. Nikamwambia, "Mama, neno halifumuliki. Lakini udugu ni rakaa, si kikao." Tena nikamkumbusha kwamba nauli ya Matombo si kubwa.

Alikwenda baada ya mavuno, na mfarishi akauchukua uwe zawadi. Aliniambia kwamba dada yake aliupokea mlangoni bila neno, akaugeuza kwanza kutazama upande wa nyuma, kama wafanyavyo washonaji, akaipapasa ile pembe kwa kidole gumba, kisha akamwuliza kama amekula.