Kurudisha Meno Nyuma: Je, Ni Kubadilisha Maumbile?

Tumeletewa suali na ndugu yetu akaaye Rhonda, Nakuru. Binti yake wa miaka 12 ametokeza meno ya mbele ya juu hata midomo haikutani, na daktari ameshauri yarudishwe nyuma. Jamaa wamemkataza, wakisema kuwa huko ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Suali hili huulizwa na kwetu pwani. Tumeona vyema kulijibu hapa.

Wanaokataza wana asili ya kushika. Imethibiti katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Masud, kuwa wamelaaniwa wanawake watiao mianya baina ya meno kwa ajili ya uzuri. Hadithi hii haifai kupitwa kwa kufumba macho. Lakini sababu imetajwa ndani yake, nayo ni uzuri. Na Mtume (S.A.W.) huyo huyo alimwamuru sahaba Arfaja bin Asad, aliyepoteza pua vitani akatia ya fedha ikamnukia, atie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi kuondoa dhara ni mlango mmoja, na kutafuta pambo ni mlango mwengine. Ajabu ni kwamba wapigao kelele juu ya nyaya za meno hunyamaza waonapo jino zima likivikwa dhahabu kwa ajili ya arusi.

Je, kutokeza kwa meno ni dhara? Mtoto ambaye meno yake ya juu yametangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 3 yumo katika khatari takriban maradufu ya kuyaumiza aangukapo. Tena si kila kilichomo kinywani ni maumbile. Mtoto anyonyaye kidole kwa miaka mingi huyasukuma meno yake mwenyewe. Na huko Nakuru, maji ya visima vingi yana floraidi iliyopita kiasi, ikayatia meno madoa ya kahawia; nani atasema kuwa kuyasafisha maji hayo ni kuasi?

Ama njia, ni nyingi, na hukumu zake hazilingani. Kuna kibamba cha kuvaa na kuvua, chenye waya wa kusukuma meno. Ni chepesi, lakini mtoto akikivua hakifanyi kazi. Kuna Twin Block, kifaa cha vipande viwili alichokibuni Dk. William Clark wa Scotland katika miaka ya 1970, kinachoongoza taya la chini mbele wakati mtoto angali akikua. Kuna nyaya za kugandishwa, zenye nguvu zaidi, zikaazo kama miaka miwili. Jino lililoharibiwa sana na floraidi huzishika kwa shida. Na kuna kung'oa magego madogo mawili ya juu ili ipatikane nafasi. Katika zote, mfupa ukisukumwa polepole huondoka mbele ya jino na kujijenga nyuma yake. Tabia hiyo ameiumba Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Juu ya kung'oa, mabingwa wenyewe walikhitilafiana. Edward Angle wa Marekani alikataa kabisa kung'oa jino zima. Mwanafunzi wake, Charles Tweed, alipoona wagonjwa wake wamebaki na meno yaliyotokeza, aliwatibu upya kwa kung'oa. Hakumdharau mwalimu wake, alifuata dalili. Laiti nasi tungekuwa hivyo katika taklidi zetu!

Kwa kaida ya wanazuoni, dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Taya likiweza kuongozwa, jino zima lisitolewe. Isipowezekana, hapana lawama. Tena, matibabu ya mapema, kabla ya miaka 11, hupunguza kuumia kwa meno, lakini katika mengineyo matokeo ni sawa na ya kungoja ujana. Basi baba asiye na uwezo asikope kwa riba, wala asijione mkosa kwa kungoja.

Imebaki kuchekwa. Nako ni dhara, lakini dawa yake ya kwanza ni kuwafunza wanaocheka, kwani Sura ya Hujurat imekataza kudharauliana. Na mwenye meno yaliyotokeza kidogo, yasiyomdhuru, ajiulize nia yake kabla ya kuuliza bei.

Jawabu letu kwa ndugu yetu, basi, ni kuwa midomo isiyokutana ni dhara, na kuiondoa kunajuzu. Amtibu binti yake kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote itakayomfaa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.