Namba ya Penseli

Kule Austin, Texas, kampuni ya Mondo ilijipatia jina kwa mabango ya sinema yaliyochapwa kwa skrini: kila rangi na skrini yake, wino tabaka juu ya tabaka, kisha kila nakala ikaandikwa namba kwa penseli, ishara kwamba nakala ni chache. Mwaka 2010 msanii Mwingereza Olly Moss aliwachorea seti ya mabango matatu ya Star Wars, seti 400 tu. Ziliisha mara moja, na baadaye zikauzwa mtandaoni kwa maelfu ya dola.

Habari hizo ziliwavuta watu wasio na haja na sinema. Tumchukue kijana mmoja wa aina hiyo. Kila toleo jipya alinunua nakala mbili, ya kuuza haraka na ya kungoja ipande bei. Filamu zenyewe hakuzitazama. Mabango aliyaviringisha, akayatia kwenye mabomba ya karatasi ngumu na kuyasukuma chini ya kitanda. Akitaka kujua utajiri wake, alijumlisha bei walizotaja wauzaji, wala hakutafuta bei ambazo wanunuzi walilipa kweli.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuamini ile namba ya penseli. Mwaka 2005 bango la filamu ya Kijerumani ya Metropolis ya 1927 liliuzwa dola 690,000 kwa kuwa nakala zinazojulikana kubaki ni chache mno. Mabango ya zamani yalibandikwa nje, yakanyeshewa, yakachanwa filamu nyingine ilipofika; hakuna aliyefikiri yatakuwa mali. Haya mapya yalihifadhiwa karibu yote, tena na watu wenye hesabu ileile kama yake. Siku ya kuuza wangetoka pamoja, na mnunuzi angekuwa nani?

Mwaka 2022 Mondo ilinunuliwa na Funko, kampuni ya vikaragosi vya plastiki, na mwaka uliofuata wafanyakazi wa mabango wakapunguzwa. Kijana akaona auze. Alipoyafungua, mengine yalikuwa na mikunjo pembeni, na mkusanyaji makini huanza kukagua pembeni. Ukitoa kamisheni ya mtandao na gharama ya posta, mengi hayakurudisha hata bei ya dukani. Inauma, kwani kazi nzuri ya wachoraji na wachapaji ilikaa gizani miaka yote hiyo, haikumfurahisha yeyote.

Seti ya Moss bado inatafutwa. Kijana hakuwahi kuwa nayo. Aliingia sokoni bei yake ikiwa imeshapanda.