Deni Letu kwa Wahudumu wa Afya

Tarehe 21 Machi, 2023, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani Kagera. Watu tisa walihesabiwa kuwa wameugua. Sita wakafariki, mmoja wao mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Tulishusha pumzi, tukarudi kwenye migomba yetu.

Lakini ugonjwa wa namna hii haushindwi hospitalini peke yake. Kila aliyemgusa mgonjwa hana budi kuangaliwa siku 21. Ni nani aijuaye njia ya kila nyumba? Ni nani awezaye kumwambia mama mfiwa asiuoshe mwili wa mwanawe, naye akasikilizwa? Si mgeni, ni mhudumu wa afya wa kijiji, jirani yetu.

Wako wasemao: “Kazi yake ni ya kujitolea, akilipwa, upendo utapotea.” Hoja hii ina sura nzuri, lakini tuipime. Daktari hulipwa, mwalimu hulipwa, wala hatusemi kwamba hawana upendo. Kwa nini basi upendo wa bure udaiwe kwa maskini tu? Sadaka ni kile mtu anachotoa kwa hiari yake. Anayemlazimisha mwenziwe kutoa, huyo hakupewa sadaka, amenyang’anya. Haki hutangulia ukarimu.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri wahudumu hawa walipwe kwa kadiri ya kazi yao. Januari 2024 Serikali yetu nayo ilizindua mpango wa miaka mitano wa kuwapata zaidi ya 137,000. Twaupongeza. Hata hivyo, mpango wa Serikali hautuondolei wajibu wetu. Mhudumu azungukapo nyumba za watu, nani alima shamba lake? Arudipo, je, twampa mkono, au twamkimbia kwa hofu?

Sisi wenyewe twajilaumu: ugonjwa ulipovuma tuliwasifu, ulipokwisha tukanyamaza. Kumbe Januari 2025 Marburg ilirudi, safari hii Biharamulo, na watu kumi wakahesabiwa kuwa wamekufa. Wale tuliowasahau ndio tuliowahitaji tena.

Basi, ndugu wasomaji, kila kijiji kijiulize leo, kungali na amani: mhudumu wetu ana glavu na viatu? Posho yake imefika? Shukrani ya punda ni mateke, isiwe yetu.