Banjo Iliyofunika Waimbaji

Kijana mmoja wa kwetu, upande wa Litein, alipopata bonasi ya chai alinunua banjo. Kwa miezi kadhaa alifuatisha rekodi za Wamarekani chumbani kwake, mpaka vidole vikawa vyepesi ajabu. Mimi ndiye niliyemkaribisha kwenye kikundi chetu cha Jumamosi jioni: magitaa mawili, ngoma na waimbaji watatu.

Banjo imewambwa kama ngoma, na mlio wake mkali hupenya kila kitu. Kijana alipiga solo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Dalili zilijitokeza jioni ile ile. Mwimbaji wetu alianza kuinamia gitaa langu ili asikie ufunguo. Mwenzangu wa gitaa la pili akaacha kupiga, akajifanya anakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Mpiga ngoma akaongeza nguvu ili asikike, mapigo yakaanza kukimbia. Akina mama waliokuwa wakicheza mlangoni wakaketi. Kijana alikuwa amefumba macho, hakuona hata moja kati ya hayo.

Mimi niliyaona yote, nikanyamaza. Nilidhani kumkosoa mgeni wangu ni kukosa adabu. Jumamosi ya tatu waimbaji wawili hawakuja. Ya nne, tulibaki naye na mpiga ngoma; kisha naye akaacha kuja.

Inaniuma zaidi kwa kuwa mfano tulikuwa nao karibu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet wakiimba "Chemirocha", yaani jina la Jimmie Rodgers kwa matamshi yao, mwimbaji wa Marekani aliyefika kwao kwa santuri. Sikiliza chepkong', kinubi chetu, katika rekodi hiyo: kinarudia mapigo yake chini ya sauti zao, wala hakishindani nazo.

Ndugu yangu mwenye ala, mtego wa kuwafunika wenzako hauchagui; hata mimi nikishika wimbo nilioufanyia mazoezi sana, mkono huwaka. Usipoyasikia maneno ya mwimbaji, punguza. Anapoimba, ziba nyuzi kwa kiganja na ushike mapigo tu. Solo ingoje zamu yake. Na fumbua macho uwatazame wenzako.

Nawe kijana, ukisoma haya, rudi. Kiti chako kipo, na safari hii nitakwambia mapema.