Mkono Ulioinuliwa

Yapo mashindano yasiyohitaji hakimu. Wakimbiaji wawili wakifuatana mpaka kwenye utepe, atakayeupasua kwa kifua chake ndiye wa kwanza, na hata adui yake hawezi kusema vinginevyo. Kipchoge Keino alipomshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, hakuna mtu aliyeulizwa maoni yake. Mita zipatazo ishirini zilikuwa kati yao, nazo mita hazina upendeleo.

Ngumi si mbio. Mpiganaji asipoangushwa, mshindi hajulikani mpaka watu waliokaa kando ya ulingo waseme ni nani. Na watu hao wana macho kama yetu, ambayo huona, huchoka na hudanganyika.

Katika Michezo hiyohiyo ya Mexico alikuwamo kijana mwingine wa Kenya, Philip Waruinge, aliyejifunzia ngumi Nakuru. Mji huo, ulio chini ya mlima Menengai, haukuwa bado umeota ndoto ya kuitwa jiji, kama ulivyokuja kuitwa mwaka 2021. Una ukumbi wa ngumi uitwao Madison Square Garden, kwa jina la ukumbi mkubwa wa New York, na sidhani kuwa waliouita hivyo walifanya mzaha. Waruinge alikuwa amekwenda Tokyo mwaka 1964 akarudi bila medali. Mwaka 1966 akaenda Kingston, Jamaika, akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzani wa unyoya. Mexico alifika nusu fainali, akakutana na Antonio Roldán, mwana wa nchi ile, mbele ya watu wa nchi ile. Waamuzi walikuwa watano. Watatu walimpa Roldán ushindi, wawili wakampa Waruinge.

Roldán akaendelea mpaka fainali, akapata dhahabu baada ya mpinzani wake, Albert Robinson wa Marekani, kuondolewa kwa kosa la kupiga kichwa. Waruinge akapewa shaba. Kisha likatokea jambo la ajabu: Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika Michezo ya Olimpiki, lilitolewa kwa Waruinge. Basi Michezo ileile ilisema kwamba mtu huyu ni wa tatu katika uzani wake, tena ikasema kwamba ni wa kwanza miongoni mwa mabondia wa uzani wote. Si mara ya kwanza mambo kuwa hivyo. Louis Laurie wa Marekani naye alipata shaba na kombe hilohilo huko Berlin mwaka 1936.

Labda msomaji atasema: Kumbe alilipwa! Mimi sikubali. Ikiwa kweli alishinda pambano lile, kombe halikuwa malipo, kwa maana deni la dhahabu hulipwa kwa dhahabu. Na ikiwa kweli alishindwa, kombe lilikuwa heshima tu, wala halikuhusu pambano lile hata kidogo. Mtu aliyenyimwa ngʼombe wake hatulizwi kwa kusifiwa kuwa ni mchungaji hodari.

Walakini sina haki ya kusema kwamba aliibiwa. Sikuwapo. Waamuzi watatu walioona vingine si lazima wawe wezi; yawezekana waliona walichoona. Hapa ndipo penye ugumu wote wa swali hili. Kosa na dhuluma huvaa nguo moja, na anayeumizwa hawezi kutofautisha kwa kutazama jeraha lake. Jeraha ni lilelile. Tofauti imo moyoni mwa mwamuzi, mahali ambapo aliyeshindwa hawezi kuingia.

Waruinge hakubaki mlangoni akigonga. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh akaitetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1972, mjini Munich, alifika fainali ya Olimpiki akapambana na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Kura zikawa tatu kwa mbili tena, naye akaondoka na fedha. Fikiri, msomaji, juu ya hesabu hii: miaka minne ya kuamka alfajiri, na mara mbili kura moja ya mtu asiyemfahamu.

Mwaka 1973 alikwenda Japani kupigana kwa malipo, akaitwa Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alisafiri mpaka Panama kumpinga Rigoberto Riasco kwa ubingwa wa dunia, akashindwa baada ya raundi nane. Safari hiyo hapakuhitajika kura. Sijui kama kushindwa waziwazi huuma kidogo kuliko kushindwa kwa kura. Nadhani angalau mtu hupata usingizi.

Sina budi kukiri kwa nini jambo hili linanisumbua. Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Bonde la Ufa, niliwekwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano ya ngumi ya shule kadhaa. Vijana wawili walipambana mwisho. Mmoja alikuwa mwenyeji, na ukumbi wote ulikuwa wake. Kila alipotupa ngumi, hata ikapiga hewa, watu walishangilia. Mwingine alikuwa kijana mwembamba, kimya, aliyepiga kidogo lakini akapata. Nilimwona akipata. Kengele ilipolia niliandika jina la mwenyeji. Sikupewa hata senti moja, wala hakuna aliyenitisha. Kelele zile ziliniingia masikioni zikashuka mpaka kwenye kalamu, nikajiambia kuwa watu wengi namna ile hawawezi kukosea. Mwamuzi wa pili aliandika kama mimi. Wa tatu alimwandika mgeni.

Nasema tena kwamba sikuhongwa, kwa sababu vijana hudhani kwamba hukumu mbaya hutoka kwa watu wabaya. Mimi sikuwa mbaya siku ile. Nilitaka tu kukubaliana na wenzangu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta yule kijana mwembamba mjini, sasa mtu mzima, akiwafundisha watoto ngumi jioni baada ya kazi, bila mshahara. Nilijitambulisha, nikamweleza niliyoyafanya. Alisikiliza huku akifunga kamba za glavu za mtoto mmoja.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nilidhani nilishindwa. Miaka yote hii nilidhani nilishindwa.”

Sikupata neno la kumjibu. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, kumbe nimeutwika kichwani pake. Akamwachilia mtoto aende ulingoni, kisha akaniuliza kama ningependa kuketi nitazame. Niliketi. Watoto wawili walipigana raundi tatu fupi, na zilipokwisha alinigeukia akaniuliza ni nani aliyeshinda.