Dhima ya Mchuma Uyoga

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini kuna majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na mvua huilowesha ardhi ya misitu tangu Septemba hata Novemba. Hayo ndiyo majira ya uyoga. Watu huchukua vikapu na visu vidogo wakaingia msituni, wengine kwa ajili ya chakula, wengine kwa ajili ya elimu. Huko Hereford, Uingereza, chama cha wapenda maumbile kiitwacho Woolhope kilianza mwaka 1868 kufanya matembezi ya pamoja ya kutafuta uyoga na kuutambua kwa majina. Desturi hiyo ikaenea, hata mwaka 1896 wenye shauku hiyo wakaunda British Mycological Society. Matembezi yenyewe ni starehe. Walakini ndani ya starehe hiyo limo swali ambalo wanafalsafa hulizungumza wameketi vitini, na mchuma uyoga hulijibu amepiga magoti juu ya majani yaliyolowa: mtu ana haki ya kusema "najua" wakati gani?

Chini ya mialoni huota uyoga uitwao na wataalamu Amanita phalloides, na jina lake la Kiingereza lina maana ya kofia ya mauti. Kofia hiyo ni laini, ya kijani kilichofifia kuelekea manjano, na upana wake huweza kufika sentimita 15. Vibao vyembamba vilivyopangwa chini yake, kama matamvua ya samaki, ni vyeupe. Shina lina pete, na kitako cha shina kimekaa ndani ya mfuko mweupe ambao mara nyingi umefichwa udongoni, hata anayeukata uyoga huo kwa juu huuacha ushahidi mkubwa ardhini. Waliokula wakapona walisema kuwa ladha yake ni nzuri. Sumu haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Hupita saa 6 mpaka 12, pengine zaidi, kabla ya kutapika na kuhara kuanza. Kisha mgonjwa hupata nafuu, akadhani amevuka, na wakati huo huo ini lake linakufa. Nusu ya kofia yatosha kumwua mtu mzima.

Kale watu walijipa njia za mkato. Kijiko cha fedha kikigeuka cheusi sufuriani, uyoga una sumu. Kofia ikimenyeka, uyoga ni mwema. Ukiliwa na konokono, utaliwa na mtu. Zote ni uongo. Konokono huila kofia ya mauti, kisha huendelea na safari yake. Si vigumu kuona kwa nini njia hizo zilipendwa: zilimwondolea mtu taabu ya kuujua uyoga mmoja mmoja. Lakini hakuna alama moja ya sumu, kama isivyokuwapo alama moja ya uongo katika maneno ya watu. Anayetaka kujua huuchimba uyoga mzima, huunusa, huukata kati kwa kati, hutazama umeota karibu na mti gani, na huilaza kofia juu ya karatasi usiku kucha ili asubuhi aone rangi ya vumbi lililodondoka: jeupe, la waridi, au la kahawia.

Na hata elimu hiyo ina mipaka ya nchi. Kofia ya mauti ilichukuliwa pamoja na mizizi ya miti ya Ulaya ikafika Marekani, Afrika Kusini na Australia. Huko baadhi ya wahamiaji waliotoka Asia wameila, kwa kuwa inafanana na uyoga wa mashina ya mpunga uliao kwao na kuliwa bila hofu. Mjini Canberra, Januari 2012, watu wawili walikufa baada ya karamu ya mkesha wa mwaka mpya. Kuwaita watu wa namna hiyo wajinga ni kuwadhulumu. Kile wanachokijua wahamiaji ni cha kweli, ila ni cha mahali. Kwa upande mwingine, katika misitu ya miombo ya Tanzania na Zambia watu huula Amanita zambiana, ndugu wa kofia ya mauti, mwenye mfuko vilevile. Mwingereza aliyefundishwa kutupa kila uyoga wenye mfuko angewanyima watu wa miombo kitoweo chao. Na mama wa miombo, akifuata mazoea yake chini ya mialoni, angeizika nyumba yake.

Mtu alaye peke yake huichezea roho yake mwenyewe. Kama ana ruhusa hiyo au hana, hilo silijadili hapa. Mambo hubadilika anapoweka sahani ya pili mezani. Mgeni hawezi kuuliza mfuko ulikuwaje wala vumbi lilikuwa la rangi gani. Uyoga umekwisha kukatwa na kukaangwa kwa siagi. Anachokula ni neno la mwenyeji wake. Basi neno "unaliwa" lina sura ya habari, lakini kazi yake ni ya dhamana, mfano wa sahihi ya mdhamini chini ya hati ya deni. Mwaka 1877 William Kingdon Clifford, mwanahisabati wa Kiingereza, alitoa mfano wa mwenye meli aliyezinyamazisha shaka zake juu ya chombo kibovu, akakipeleka baharini kimejaa abiria. Clifford alimhukumu kuwa na hatia ya vifo vyao, na akaongeza kuwa kama meli ingefika salama, hatia isingepungua. Naikubali hukumu hiyo. Mwenyeji aliyebahatisha, na wageni wake wakaondoka wazima wakimshukuru, amewatenda vibaya.

Lakini yuko Julius Schäffer. Mjerumani huyu alikuwa bingwa wa uyoga, na mwaka 1944 alikula Paxillus involutus, akafa. Hakukosea jina. Uyoga huo uliliwa na wengi Ulaya ya kati na ya mashariki, ukihesabiwa salama ukipikwa vema; baadaye ndipo ilipofahamika kwamba baadhi ya watu, wakiisha kuula mara kwa mara, miili yao hugeuka na kuziharibu chembe zao wenyewe za damu. Waliowalisha wenzao uyoga huo zamani hizo siwaoni na hatia. Hata hivyo kukosa hatia si kufunguliwa dhamana: aliyelisha jana kwa yakini, akipata habari leo, ana deni la kwenda mlango kwa mlango kusema.

Wapo pia wataalamu ambao, kwa kuogopa lawama, hukijibu kila kikapu kwa neno moja: tupa. Jibu hilo humlinda msemaji. Aulizaye huona kuwa hakujibiwa, na mwaka unaofuata hupika bila kuuliza.

Baadhi ya wachumaji wazoefu huacha uyoga mmoja mbichi, mzima na kitako chake, katika jokofu, ili ukitokea ugonjwa usiku madaktari wajue wanapambana na nini. Tena huwaambia wageni kabla hawajanawa mikono kwamba uyoga huo upo, na kwa sababu gani. Wageni wengine hucheka wakala. Wengine huomba mkate.